Zidaka za Mkomani

Ni Lamu, nyumba ya kale,
mimi nimefunga shule,
nakoroga palepale
chokaa ya karaini.

Baba kachonga zidaka,
chokaa ikimpaka,
safu nne kaziweka,
saba saba ukutani.

Mwanaesha kalalama:
"Thelathini ndiyo njema,
mbili tu, ewe mnyima!"
Baba kacheka moyoni.

Nikachukua makaa,
sakafuni nikakaa,
nikigawa kwa tamaa,
pasiwe baki mwishoni.

Moja, mbili, nne, saba,
kumi na nne si haba,
nikaita: "Njoo, baba!
Zijumlishe: ni nini?"

Kahesabu kwa vidole,
ikarudi vilevile
namba yetu, ile ile,
ishirini, nane ndani.

Toa moja, inashuka
kumi na tatu kufika;
tia mbili, yafurika,
yamwagika sebuleni.

Na tena kuna jingine:
moja, mbili, tatu, nne,
hadi saba, ziungane
pembetatu ya sahani.

"Hayo sikuyafahamu,"
kajibu kwa tabasamu,
"chokaa ndiyo hakimu:
ilikwisha karaini."

Kimoja kimeanguka
mwaka juzi kwa masika;
nami bado nakiweka
nihesabupo gizani.