Gundi ya Mia Tano

Lilichanika Kibati, kabla hatujaanza kupanda,
likiburutwa kutoka garini juu ya jiwe la lava
kali kama bati lililokatwa jana.
Mgeni aliutazama mpasuko, kisha akatazama saa yake.
"Litupe," akasema. "Hema jipya ni dola mia mbili tu."
Aliitamka mia mbili
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nililikunja. Tuliposhuka mlima nikalipeleka Birere,
begani, likinuka kiberiti na soksi.

Kavugho hushona chini ya shitingi ya bluu
ambayo nayo ina viraka kumi na kimoja
(nilivihesabu nikingoja zamu).
Gurudumu la cherehani yake lilikufa zamani,
ameweka la baiskeli ya mtoto.
Alipitisha kidole kwenye mpasuko, polepole,
akauliza, "Ni la nani?"
"Lilikuwa la mtu. Sasa nadhani ni langu."
"Basi dola uziache hukohuko mlimani. Hapa ni franka."

Tukapatana elfu mbili,
na mia tano ya gundi, ambayo nadaiwa mpaka leo.

Hakuanza na sindano. Alianza na mshumaa:
akaziunguza kingo za nailoni, kidogo, kidogo,
zisiendelee kufumuka.
Akachukua mwavuli uliovunjika mbavu,
akauvua ngozi yake nyeusi,
akakata duara. Si mraba.
"Kiraka huanza kubanduka pembeni," alisema.
"Kisicho na pembe utakishika wapi?"
Uzi ulikuwa wa nyavu za sambaza,
bado una chumvi ya vidole vya watu.
Alipomaliza akausugua mshono kwa mshumaa uleule,
akamwaga kikombe cha maji juu yake,
akaweka kiganja upande wa pili
na kuendelea kupiga soga na jirani muuza makala
kana kwamba kiganja si chake.
Akakitoa. Kikavu.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ukuta wangu ni wa kitambaa, nikamwambia,
na mji huu wenyewe, Kavugho, umezibwa mara ngapi?
Mbao juu ya lava, na chini ya lava, mbao.
Alicheka mpaka akachomoa sindano mdomoni.
"Wewe lipa gundi."

Mwezi wa kumi na moja nililala humo,
juu kabisa, karibu na mdomo wa mlima.
Mvua ilifika saa nane za usiku,
mvua isiyosalimu.
Matone yaliliona lile duara jeusi,
yakabisha, yakabisha tena,
yakateremka zake.
Niliweka kiganja upande wangu, kama yeye.

Ni ubavu ule mwingine, mzima,
ambao haukuwahi kuguswa na sindano,
uliovuja mpaka asubuhi.