Nambari Mia Nne Kumi na Mbili

Kazi yangu ni kabati.
Lina vioo vitatu na kufuli moja,
na ndani yake dunia imekuja kutusalimu:
saa ya ukutani kutoka Busan, haijawahi kutiwa betri,
sinia la shaba la Tbilisi,
farasi wa kioo aliyevunjika mguu uwanja wa ndege
nami nikamuunga kwa gundi, mgeni asijue.
Kila kitu na nambari yake, tarehe, nchi, jina la mtoaji.
Miaka kumi na saba naandika kwa wino uleule wa buluu.
Marais wa Chuo hubadilika. Kabati lipo.

Huyu wa sasa, Daktari Ilmārs Zvirgzds,
ana ratiba iliyoshindiliwa kama pipa la kabichi:
Jumatatu balozi, na balozi hali vitunguu;
Jumanne wajumbe kumi na wanne, mkalimani mmoja, ana mafua;
Jumatano kukata utepe, mkasi butu,
utepe ukatafunwa badala ya kukatwa,
tukapiga makofi vilevile.
Alhamisi, saa nane mchana, neno moja tu: majirani.

Tukaenda kwa miguu.
Theluji ya Machi, nusu maji, nusu majivu.
Nilibeba kalamu zenye nembo, skafu yenye nembo,
na hotuba ya kurasa mbili kuhusu ushirikiano.
Mtaa wa Dārza una nyumba sita za zamani
zilizotangulia maabara yetu mpya,
na ya tatu ni ya Skaidrīte Pujāte,
aliyemenya viazi vya bwalo letu miaka thelathini na mmoja
akiingilia mlango wa nyuma.

Hakutupa kiti.
Alitupeleka moja kwa moja ukutani.
Ufa ulianzia dirishani, ukashuka, ukapinda kwenye jiko,
na kando yake, kwa penseli, maandishi madogo:
12 Juni, unywele.
3 Agosti, uzi wa kushonea.
30 Oktoba, wamepigilia nguzo usiku, sarafu yapita kwa ubavu.
9 Januari, kidole cha mjukuu.

Usipoziba ufa, husema watu, utajenga ukuta.
Sisi tulianza na ukuta,
ufa ukatokea kwa jirani.

Rais akavaa miwani.
Alikuwa mhandisi wa madaraja kabla hajawa mkata utepe.
Akapiga magoti, suti na yote,
akausoma ukuta ule juu hadi chini, midomo ikicheza,
kama mtu aliyepata barua ya nyumbani.
"Na Septemba?" akauliza.
"Septemba nililazwa hospitali.
Ufa haukuningoja, najua.
Lakini nisichokiona siandiki."

Hotuba nikaikunja mara nne.

Tulipotoka alinikabidhi mimi, si yeye,
chupa ya matango ya siki, kifuniko chekundu.
Nikaandika: 412. Matango. Mtoaji: S. Pujāte.
Penye Nchi nikasita, kisha: ng'ambo ya barabara.
Rais aliyala amesimama mbele ya kabati,
kwa vidole, hadi kitunguu saumu cha mwisho,
simu ya waziri ikilia.
Chupa nikaiosha, nikaiweka kati ya farasi na saa.

Wiki ya tatu Skaidrīte akaja, mlango wa mbele.
Bawabu: "Una miadi?"
"Nina chupa," akasema. "Matango yalikuwa zawadi.
Chupa ni chupa. Juni naihitaji."

Daftari langu halina safu ya vitu vinavyotoka.
Nikafungua kufuli, mikono mizito,
na chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo hata mimi nalijua,
ila nilikuwa na nini? Kalamu za nembo?
Rais akatokea, akaichukua mkononi mwangu,
akaiweka chini ya koti.
"Nitaileta mwenyewe, mama. Kesho."

Alikwenda peke yake, bila mpiga picha, bila mimi.
Alitia nini ndani yake, sijui.
Wengine husema fundi wa lipu alionekana Mei, Mtaa wa Dārza;
wengine, kwamba bodi bado inajadili.
Kwenye nambari 412 nimeandika: imerudi.
Mengine sikuyaona.