Jokofu la Kisiwani

Hapa hukanyagi ovyo.
Chini ya mchanga ndege wamechimba vyumba,
na paa likiporomoka chini ya kisigino chako
unapiga magoti, unafukua kwa vidole
hadi mdomo mkali ukuume: yu hai.
Samahani, mwenye nyumba.

Asubuhi tunang'oa magugu,
Kapono, Leimomi, na mimi niliyekuja kwa miezi sita
na sasa nahesabu wa kumi na tatu.
Mbegu moja, husema Leimomi, ni miaka saba ya kuinama.
Mchana tunahesabu makinda ya albatrosi;
aliyekufa tunampasua tumbo:
vifuniko vya chupa, kiberiti cha gesi chekundu,
mswaki wa mtu asiyetujua.
Tunaandika. Tunanawa maji ya mvua, kikombe kimoja.

Meli ilipita Machi.
Kila kilichoshuka kililala kwenye barafu siku mbili:
soksi, vitabu, hata barua.
Mama yake Kapono alituma shada la maua makavu,
na ndani ya ua, mbegu.
Kanuni inasema choma.
Kapono aliisoma kwa sauti, mara mbili,
kama anayemsomea mtu mwingine.

Halikuchomwa. Halikutoka pia.
Limo jokofuni, chini ya samaki, ndani ya mifuko mitatu.
Jioni, zamu yake ya kupika,
mlango wa jokofu hukawia kufungwa,
nasi tulio mezani
tunapandisha sauti,
tukibishana juu ya mvua.