Bei Nimeisikia

Kajjansi, saa nne asubuhi, umeme umekatika.
Jenereta ya duka inanguruma
kama inamdai mtu.

Navaa hedifoni ya kwanza. Nzito,
inakanyaga misuko niliyosukwa juzi.
Ya pili nyepesi, ila mkono wa miwani
unaiachia ufa, na kelele ni panya,
haihitaji mlango.

Ya tatu.
Nabonyeza kitufe: jenereta imefutika,
limebaki tetemeko lake kwenye nyayo.
Midomo ya Isingoma inacheza,
na sauti yake, ndogo, safi, inapenya:
“Milioni nne na laki mbili.”

Bei nimeisikia.

Kapteni Lubowa huniuliza “wamesemaje?”
kila mnara wa Entebbe unapotuita.
Miaka thelathini ya panga boi
imemla sikio la kulia;
mkewe humgeuzia la kushoto.
“Walianza kunyamaza nyenje,” aliniambia
tukiwa juu ya Ziwa Kyoga, mikono kwenye usukani,
“nikadhani msimu wao umeisha.”

Nahesabu noti. Humu imo ada ya mdogo wangu,
na kodi, na harusi ya Apolot niliyoahidi mbuzi.
Nahesabu tena, kana kwamba zitazaana.

Umeme unarudi. Isingoma anazima jenereta.
Kutoka kwenye mafunjo ya kinamasi, nyuma ya uwanja,
kitu kinalia, chembamba, bila kupumzika.
Nasikiliza mpaka kinapokoma.

“Hii ya tatu,” namwambia,
“betri zimo?”