Magodoro ya Bweni la Tatu

Nilidhani ni panya.
Kila mwezi godoro jingine limekonda,
sufu ya kondoo imechomolewa pembeni
na mshono kufungwa tena kwa uzi wa rangi isiyo yake.
Nikatega mitego mitano, nikaweka na jibini.
Hakunaswa hata panya mmoja.

Ndipo nikawapanga mstari, wasichana kumi na wanane,
watoto wa wafugaji, walioshushwa kwenye malori Septemba
na kuachiwa mimi mpaka sikukuu ya Mwezi Mweupe.
Nikawaambia: godoro ni mali ya serikali.
Nikawanyima sukari ya chai wiki nzima.
Wakanywa chungu hivyo hivyo,
hakuna aliyemtaja mwenzake.

Choo chetu kiko hatua mia na ishirini kutoka mlangoni.
Mbao tatu, mlango usio na komeo,
na upepo wa Altai unaingia kwa chini
kama mtu asiyejua kubisha hodi.
Usiku mmoja nilitoka na kurunzi kumwaga majivu,
baridi ya kuvunja meno,
nikamkuta Sarangerel amechuchumaa nyuma ya rundo la makaa
anafukia kitu thelujini kwa mikono mitupu.

Sufu.
Sufu nyekundu, imeshaganda, ngumu kama kokoto.

"Mlezi, usiniandike."
Hakusema nisaidie. Alisema usiniandike.

Nami nilikuwa na ulimi gani wa kumjibu?
Mimi niliyevunja ungo kwenye zizi la ngamia,
mama akanitupia kipande cha blanketi kuukuu:
shika, nyamaza, baba yako anarudi.
Nikanyamaza miaka arobaini na mmoja.
Hata daftari langu nililifundisha kunyamaza:
Sarangerel, tumbo. Oyuntungalag, tumbo.
Tumbo, tumbo, ukurasa mzima,
nami nikamgombeza mpishi.

Asubuhi nilirudisha sukari.
Kisha nikatoa cherehani ya marehemu mume wangu,
nikapasua shuka mbili za pamba.

Muuguzi Narmandakh alikuja na mchoro wa mji wa mimba,
akaubandika ubaoni, juu ya ramani ya mito.
Alitaka wavulana waitwe pia. Wakaitwa, wakacheka,
wakapigana viwiko, mmoja akaanguka na kiti.
Ganzorig, sauti yake ndiyo kwanza inapasuka,
akanyoosha mkono:
"Dada yangu aliacha shule darasa la saba.
Ilikuwa ni hii?"
Kicheko kikafa chenyewe.
Narmandakh akatazama dirishani kwanza
kabla ya kusema: huenda.

Mkuu wa shule akanifungulia bajeti:
unga, chaki, makaa ya mawe.
"Mambo yako hayo hayana mstari humu."
Basi nikayaandika kwenye mstari wa makaa:
tani kumi na moja, na katoni sita.
"Makaa ya katoni?"
Ndiyo, nikamwambia. Kazi yake ni moja,
kumweka mtoto darasani wakati wa baridi.
Akatia sahihi bila kuniangalia, masikio yamemwiva.

Zilifika katoni nne.
Kufika Machi pedi zimekwisha, tukarudi kwenye shuka,
Ganzorig anakata vitambaa, vibaya, vyote upande,
Sarangerel anamnyang'anya mkasi.
Choo kingali hatua mia na ishirini.
Komeo nimenunua kwa mshahara wangu.

Kwa lugha yetu jambo hili huitwa alama ya mwezi.
Jina zuri, nami nililificha chini ya tumbo
miaka yote hiyo.
Siku hizi daftari linasema: yupo.
Siku nyingine linasema: amelala, mwezini, kapewa chai ya moto.

Magodoro sijayafumua.
Yana makovu ya uzi wa kijani, wa buluu, wa zambarau.
Mkaguzi akija kutoka mjini na kuuliza nani kaharibu,
nitamwomba kwanza akae juu ya moja,
aone lilivyo jembamba.
Halafu nitaanza kusema.