Mita Moja na Nusu

Kamera inasema hakuna lenzi.
Imeandika hivyo kwenye kioo chake, kwa herufi nyekundu,
nami lenzi nimeishika kwa mkono wa kushoto,
nzito kama jiwe la kusagia pilipili,
chuma na kioo na harufu ya kabati la Baba Mdogo Lushinge.

Nabofya: najua. Endelea.

Saa moja na robo, Luchelele.
Mawe bado yana baridi ya usiku
na ziwa limesukuma gugumaji hadi ukingoni,
zulia la kijani linalolaaniwa na kila mtu:
wenye mitumbwi, wenye nyavu, wenye mabomba ya maji.
Juu yake, maua. Zambarau iliyochujuka,
na kwenye petali ya juu, moja tu kati ya sita,
doa la njano lililopakwa wanja wa bluu,
jicho lililoamka kabla ya wenzake.

Miaka thelathini na moja lenzi hii ilikaa Igogo,
chumba kimoja, pazia, stuli.
Ikatazama nyuso za pasipoti, nyuso za vyeti,
uso wa bibi harusi aliyekuja peke yake.
Maua iliyoyajua ni ya plastiki,
yaliyopanguswa vumbi kila Jumamosi.
"Usipumue," alikuwa akisema Lushinge,
na mtaa mzima, mmoja mmoja, ukazuia pumzi.

Alipofariki, warithi waligawana viti.
Hii hawakuitaka: ndani ina koga,
mizizi myeupe inayotambaa pembeni mwa kioo.
Nikaipeleka Mabatini kwa Shigela, fundi wa kerezo,
akanichongea pete ya shaba
ya kuishikiza juzi kwenye leo,
kwa elfu kumi na tano, na soda.

Nazungusha. Ngumu.
Grisi imeganda huku kwenye sentimita hamsini,
na kwa nini isigande? Nani aliwahi kufika huku?
Hakuna uso unaotazamwa kwa ukaribu huu
isipokuwa na mama, au daktari wa macho.
Nasukuma kwa vidole viwili, unywele mmoja, nusu unywele,
doa linakuja, linakaribia kuwa doa,
upepo unapita, linaondoka.
Linarudi. Linaondoka.
Usipumue, naliambia ua.
Ziwa linapumua kwa niaba yake.

"Dada, unapiga picha gugu?"
Ana reki ya meno marefu na buti za mpira,
analipwa kwa mkokoteni.
Anaitwa Nkwabi. Jibu halingojei.
Anaingia majini hadi magotini,
anashika bua kwa chini,
kama mtu anavyoshika kidevu cha mtoto
ili amfute uso.
"Haya. Fanya haraka, hili nitaling'oa."

Kli.

Kidole gumba chake kimeingia kwenye picha,
kimeyeyuka, ukungu wa kahawia,
na nyuma yake mimeto ya maji
imevimba, duara duara, kama vitumbua.
Doa limesimama. Wanja wote unahesabika.

Akaling'oa. Akalitupa kwenye lundo.
"Na mimi basi," akasema, "ya kitambulisho.
Ile ya zamani nimetoka kama mwizi."
Akasimama mbele ya jiwe, akavua kofia,
mikono akaiweka pale watu wanapoiweka
wasipojua waiweke wapi.

Narudi nyuma hatua mbili. Nagusa pete,
na pete inateleza.
Inateleza yenyewe, kama mlango wa nyumba uliyozaliwa,
inatua mita moja na nusu,
mahali palipolainishwa na Igogo nzima,
pasipoti kwa pasipoti,
na mimi sijafanya kitu.
Macho ya Nkwabi yametulia, makali, mabichi,
kope moja imeangukia shavuni.

Kamera bado inasema hakuna lenzi.

"Usipumue," nikasema,
kwa sauti ambayo haikuwa yangu.