Kabeji za Kipilefti

Julai, joto likilainisha lami ya Jinju,
Pyo Mal-sun anapanda mbegu ndogo kama ulezi
kwenye trei za manispaa.
Miaka arobaini aliuza kabeji sokoni,
za Kichina, nzito, zilizojifunga kama watoto kwenye mbeleko,
akizipima kwa kuzigonga tumbo kwa kidole,
na chumvi ikamla ngozi hadi kwenye kifundo.
Leo, kwa kibarua cha wazee, siku nne kwa wiki,
ameambiwa aoteshe kabeji isiyoliwa.

Anacheka mpaka kofia inamdondoka.
"Kabeji ya kutazamwa!
Basi na wali tuuvalishe hereni."

Mimi ndiye dereva wa kigari cha maji.
Nilichojua juu ya mimea ni kwamba hunywa.
Mengine alinifunza yeye, bila kugeuka:
shina lizike hadi jani la chini liguse udongo,
isije ikasimama kama kuku aliyenyonyolewa shingo;
viwavi watoe kwa mkono, alfajiri, kabla hawajashiba;
na mwezi wa tisa ukiingia funga mfuko wa mbolea,
ukalie ikibidi.
Ikishiba sana hubaki kijani, hujisahau.

Oktoba tukazishusha kipilefti cha mahakama,
elfu moja mia sita, duara ndani ya duara.
Bwana Tak wa idara ya bustani akazunguka na simu mkononi.
Mbona kijani? Kwenye picha zilikuwa zambarau.
Meya anapita Ijumaa. Hakuna dawa ya kupulizia?
Mal-sun akajipangusa magoti.
"Ipo. Iko njiani, inatoka kaskazini.
Haina chupa."

Ijumaa ikafika, meya akapita,
akaona mboga, akadhani ni mboga.

Halafu usiku ule,
usiku wa kwanza watu kutafuta soksi kabatini.
Baridi haikubisha hodi.
Saa kumi na moja na nusu nikafika na kigari,
na katikati ya kila mche, pale majani yanapozaliwa,
palikuwa na doa.
Si zambarau bado.
Kama uso wa mtu aliyeitwa jina mbele za watu.

Wiki moja. Mbili.
Rangi ikatoka ndani kwenda nje, haina haraka:
waridi, damu ya mzee,
maziwa yenye ukingo wa kijani,
majani yamekunjamana pembeni kama marinda
na umande ulioganda umeyashonea shanga.
Madereva wakaanza kuzunguka mara mbili.
Mwendesha mashtaka mmoja, suti nyeusi, akachuchumaa,
akagusa jani kwa ncha ya kidole,
akatazama huku na huku kama mwizi.

Ndugu zake wapo wanaosukuma wiki.
Hii haisukumi kitu. Imekaa tu,
na kadiri baridi inavyoisukuma
ndivyo inavyozidi kuiva bila moto.

Desemba, mchana wa chai, Mal-sun akavunja jani,
akatoa chumvi mfukoni (bado hutembea nayo),
akatafuna muda mrefu kama anayesoma mkataba.
"Chungu," akasema.
Akameza.
"Lakini si uchungu wa kutema."

Machi zikarefuka shingo, zikapinda, zikanuka.
Amri ikaja: ng'oeni, petunia zinasubiri.
Tukang'oa siku mbili. Kigari kikanuka
kama soko lililofungwa ghafla.
Mal-sun alikuwa akihesabu kwa sauti, kazi yake ya zamani,
elfu moja mia tano tisini na saba,
tisini na nane,
tisini na tisa,
akanyamaza, akapandisha mfuniko wa kigari.

Bwana Tak akatia sahihi: elfu moja mia sita.

Nyuma ya kibanda cha mita ya maji
kuna shina limeota refu kumshinda yeye,
maua ya njano, membamba, yasiyoombwa na ofisi,
na nyuki wanayapigia foleni.
Nilipomwuliza, mwanamke aliyehesabu kabeji miaka arobaini
alisema macho yake yamezeeka.